Ng'ombe Aliyekwenda Kunywa Maji

Mtu akiingia uani kwetu, mimi humtazama miguu kwanza. Aliyekuja kusalimia, miguu yake huelekea mlangoni. Aliyekuja kwa ajili ya ng'ombe, mdomo husalimia watu na miguu imeshaelekea zizini. Jambo hili sikufundishwa na mtu. Nililiona kwa baba zangu wadogo, wiki ya pili baada ya kumzika baba, walipokuja watatu kwa pamoja kutupa pole kwa mara ya pili.

Mama alikuwa ametangulia miezi michache kabla. Tulibaki watatu. Mimi ndiye mkubwa, na nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nishike jembe baba alipoanza kuugua. Anayenifuata ni msichana mwenye ulimi mkali, ambaye pale kijijini wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Wa mwisho naye ni msichana, na maneno aliyoyasema kwa siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne.

Baba wadogo walisema watachukua ng'ombe wa marehemu wakawatunze mpaka tukue. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndevu zimeshaota. Sijui walitaka nikue mpaka wapi. Waliswaga ng'ombe kumi na mmoja mchana kweupe, majirani wakitazama. Mmoja wao aligeuka njiani akaniambia nifunge zizi vizuri, wezi wamezidi.

Walimwacha mmoja. Hawakumwacha kwa huruma. Sikio lake la kulia lilikuwa limekatwa mara mbili kwenye ncha, na hiyo ilikuwa alama ya mzee mmoja wa Zagayu. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Anawagawa kwa watu anaowaamini, mmoja hapa, wawili kule, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize, na ili jirani asijue anao wangapi. Aliyekabidhiwa anakunywa maziwa na samadi anapeleka shambani kwake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ingawa akiridhika anaweza siku moja kumwachia mtunzaji mtamba mmoja kama shukrani. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mtunzaji anaichukua ngozi, na masikio yakiwemo, anampelekea mwenyewe aione alama. Asipopeleka ngozi, ameiba.

Baba alikuwa amekabidhiwa ng'ombe huyu miaka mingi nyuma. Kwa hiyo ng'ombe pekee tuliyebaki naye, aliyetunywesha maziwa mwaka ule ambao mvua ilikatika pamba ikiwa haijafika magotini, alikuwa ng'ombe ambaye hakuwa wetu.

Alikuwa jike mweusi mwenye tumbo jeupe, si mkubwa, pembe moja imepinda kuelekea jichoni. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa wake, au yeye alikuwa wa mdogo wetu. Sijawahi kujua ilianzia wapi. Huyu mtoto alikuwa hashikwi. Ukimgusa kichwa kumsuka au kumwosha, angepiga kelele mpaka sauti ikauke. Mashine ya kusaga ikiwashwa upande wa pili wa kijiji, aliziba masikio na kujikunja nyuma ya ghala. Lakini jioni ng'ombe akilala kucheua, alikwenda akaketi chini, akaweka mgongo wake kwenye ubavu wa ng'ombe, akatulia kama mtu aliyetua mzigo. Ng'ombe alipumua, naye alipanda na kushuka na ile pumzi. Kisha alianza kuguna kwa sauti moja nyembamba isiyopanda wala kushuka, na ng'ombe aliendelea kucheua. Wakati mwingine ng'ombe aligeuza shingo akamlamba mkono kwa ule ulimi wake mkavu kama tupa. Aliyekuwa havumilii kitambaa cha kuogea alinyoosha mkono mwingine alambwe na huo.

Kukamua pia kulikuwa hivyo. Mimi nikikamua peke yangu, maziwa yalikuja nusu kibuyu na teke juu yake. Yeye akiwa ameegemea upande wa pili, maziwa yalishuka yenyewe.

Mama alipokuwa hai alimpeleka mtoto Bariadi pamoja na baba, na daktari mmoja aliwaambia kwamba hali hiyo inaitwa usonji, kwamba si ugonjwa wa kutibiwa ukaisha, na kwamba mtoto anatakiwa kupewa utaratibu na kitu cha kumtuliza. Baba aliuliza kama ng'ombe anafaa. Daktari alicheka, akasema kama anamtuliza, anafaa kuliko dawa. Nilipoambiwa habari hiyo sikuiamini sana. Nilidhani kila mtu anayesema kitu hakina dawa anakuficha mahali dawa ilipo. Lakini majirani nao walisema mengine, kwamba mtoto alitupiwa kitu akiwa tumboni, kwamba tumwite mganga, na hao niliwaamini kidogo kuliko nilivyomwamini daktari, maana nilijua kila mmoja wao ana mganga ambaye ni ndugu yake.

Mwaka wa tatu tangu baba afariki, msimu wa kuvuna dengu, mwanamume mmoja wa makamo alisimamisha pikipiki kwenye ua wetu. Alisema anatafuta dengu za kununua. Nilimtazama miguu. Dengu zetu zilikuwa zimeanikwa kushoto kwake kwenye turubai, na yeye hata hakuzitazama.

"Huyu ng'ombe amezaa mara ngapi?" aliuliza.

"Unanunua dengu au unanunua ng'ombe?"

"Nauliza tu, ngosha, mwanamume mwenzangu. Mtu haulizi?"

Akatoa simu akampiga ng'ombe picha, upande mmoja, kisha akazunguka akapiga upande wa sikio la kulia. Mdogo wangu mwenye ulimi alikuwa akipepeta dengu. Aliweka ungo chini.

"Na mimi nipige basi," alisema. "Au mpaka niote pembe?"

Mwanamume alicheka, akawasha pikipiki, akaondoka bila kuuliza bei ya dengu.

Siku mbili baadaye tulipata habari kwenye mashine ya kusaga. Yule alikuwa mkwe wa mzee wa Zagayu, mume wa binti yake. Mzee alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume, wakwe wapya walikuwa watu wa Nyalikungu wasiotaka mchezo, na mahari ilikuwa ya ng'ombe wengi. Mzee anakusanya ng'ombe wake wote walioko kwa watu. Kwetu atafika Alhamisi ya wiki ijayo.

Sikulala vizuri siku hizo. Nilimtazama mdogo wetu akiwa ameegemea ubavu ule mweusi, macho yamefumba nusu, nikajaribu kumweka hapo bila ng'ombe. Sikuweza. Nilijiambia kwamba waliotuchukulia kumi na mmoja hawatatuchukulia na huyu. Ukweli kwamba mzee wa Zagayu hakuwa miongoni mwa waliotuchukulia, na kwamba ng'ombe alikuwa wake, niliuweka pembeni. Wakati ule kwangu mwenye ng'ombe na mwizi wa ng'ombe walikuwa wanafanana. Wote wawili walikuja na fimbo na kuondoka na ng'ombe.

Mama mdogo wetu, mdogo wake mama, alikuwa ameolewa Ipililo. Upande wa mama haukuchukua kitu msibani, hata sufuria. Nilimpigia simu. Aliniuliza mara moja tu, "Una hakika, mwanangu?" nikasema nina hakika, akasema nimlete.

Mpango ulikuwa huu. Ng'ombe atakaa Ipililo mpaka harusi ipite; ndama wake dume wa mwaka jana, aliyekwisha kuacha kunyonya, atabaki zizini. Mzee akija nitasema mama yake alikufa kwa ugonjwa wa ndigana, na nitampa ngozi. Ngozi niliipata kwa mchinjaji mmoja wa Bariadi mjini ambaye nilizoea kumpelekea kuni. Nilingoja siku mbili mpaka alipochinja mweusi mwenye tumbo jeupe. Nilikata masikio nikayatupa kwa mbwa, nikaiwamba ngozi kwa vigingi nyuma ya nyumba. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Alfajiri niliyomfungua ng'ombe kumpeleka Ipililo, mdogo wetu wa mwisho alitoka nje. Alisimama mlangoni, shuka begani, akatazama kamba mkononi mwangu. Kamba ya katani alikuwa haipendi. Alikuwa hagusi kitu chochote chenye nyuzi za kuchoma. Nilijua nikikaa kimya atatufuata. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Anakwenda kunywa maji."

"Kunywa maji," alisema. Hivyo ndivyo alivyosema maneno mengi, kwa kurudisha mwisho wa ulichomwambia. Lakini mtu akidhani alikuwa anarudisha tu kama mwangwi, anakosea. Alichokirudisha alikuwa amekichukua. Aliingia ndani akiwa ametulia kabisa, akakaa kungoja uji.

Safari ya Ipililo ilikuwa siku mbili kwa miguu, nikipita pembezoni mwa mashamba ya pamba ili nisikutane na watu wa kuniuliza kibali. Kila aliyenisalimia nilimhesabu kuwa mjumbe wa mzee. Mama mdogo alinipokea, akamwangalia ng'ombe, akaniangalia mimi, akasema nimekonda. Nilirudi siku ya nne kwa gari la mizigo.

Nilimkuta mdogo wangu mwenye ulimi amesimama barabarani, mkono kiunoni. Hakunisalimia.

"Ulimwambia nini yule mtoto?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Tuna watoto wangapi?"

Nikamwambia. Aliushusha mkono kutoka kiunoni.

"Basi amekuwa lamboni tangu siku uliyoondoka," alisema. "Anaondoka asubuhi kabla sijawasha moto. Anakaa pale mpaka ng'ombe wa mwisho anywe. Nikimvuta ananing'ata. Mimi hapa, kaka, nina alama za meno kama mhindi uliotafunwa."

Lambo letu msimu wa kiangazi hubaki maji katikati tu, na pembeni ni tope jeusi linaloshika mguu lisiuachie. Ng'ombe wa vijiji vinne hunywa pale. Nilikwenda nikamkuta. Alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini, na kila kundi lilipofika alikwenda kwa kila ng'ombe mweusi akaweka sikio kwenye ubavu wake, akasikiliza, akaenda kwa mwingine. Wachungaji walimfokea. Mmoja alikuwa amempiga fimbo ya mgongo, nikaiona alama. Kulikuwa na ng'ombe aliyempiga teke pajani, na paja lilikuwa limevimba kama kibuyu. Hakulia. Alisikiliza tu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayebisha hodi nyumba baada ya nyumba akitafuta alipolala ndugu yake.

Nilimwita. Hakunitazama.

"Twende nyumbani," nikasema. "Ng'ombe hayupo hapa."

"Kunywa maji," alisema.

Jioni hakula. Alikwenda zizini akaketi mahali ng'ombe alipokuwa akilala, akaegemea hewa, akaanguka chali, akainuka, akaegemea tena. Kuguna kwake kulikuwa kumekoma. Mdogo wangu mwenye ulimi alinijia pale zizini.

"Ulimpa neno moja la kushika," alisema, "na ukampa la uongo. Karudishe ng'ombe."

"Alhamisi ikipita."

"Akizama je kabla ya Alhamisi?"

Nilisema hatazama, nitakwenda naye kila siku. Na nilikwenda naye, siku tano, nikisimama ukingoni nikiwafokea wachungaji wasimpige. Watu wanasema mimi ni mtu wa msimamo. Siku zile tano msimamo wangu ulikuwa kumtazama mtoto akitafuta kitu nilichokuwa nimekificha mimi. Nilijua kilipo, na nikakaa kimya.

Alhamisi nilibaki nyumbani kumngoja mzee, na mdogo wangu mwenye ulimi akaenda lamboni badala yangu. Mzee alikuja kwa miguu, peke yake, mchana. Alikuwa mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo kwapani. Nilimtazama miguu na nikachanganyikiwa, kwa sababu ilikuja moja kwa moja mlangoni na ikasimama hapo. Zizi hakuligeukia hata mara moja.

"Mwadila, ngosha."

"Mwadila, baba. Karibu."

Nilimpa kigoda na maji. Aliuliza habari za shamba, akauliza habari za wadogo zangu, akanipa pole ya marehemu baba kana kwamba alifariki jana. Muda wote huo nilikuwa nangoja aseme alichofuata, na kadiri alivyochelewa ndivyo nilivyozidi kumshuku. Mwishowe nilishindwa mimi.

"Baba, ng'ombe wako alikufa. Ndigana. Ngozi yake iko nyuma."

Aliweka kikombe chini. "Alikufa lini?"

"Wiki moja sasa."

"Na hukuniletea ngozi."

"Nilikuwa na mgonjwa ndani."

Alinyanyuka tukaenda nyuma. Aliitazama ngozi ilivyowambwa, akainama akaipapasa, akaishika pale shingo ilipokomea.

"Masikio?"

"Mbwa, baba."

"Mbwa wamekula masikio yote mawili, ngozi hawakuigusa."

"Ndivyo."

"Mbwa wenu wana adabu," alisema.

Wakati huohuo mdogo wangu mwenye ulimi aliingia uani akiwa anamwongoza yule wa mwisho, tope mpaka kiunoni wote wawili. Aliponiona nimesimama na mzee mbele ya ngozi, alimwachia mtoto mkono akasimama. Sidhani kama alikusudia. Mtoto alitupita. Alikuwa na kawaida ya kwenda zizini akirudi, na njia fupi ilipita hapo nyuma. Alifika kwenye ngozi, ngozi nyeusi yenye tumbo jeupe, akaikanyaga kwa miguu ya tope, akaivuka, akaendelea. Hakuitazama wala hakuinusa. Angeweza kuwa amekanyaga gunia.

Mzee alimfuata kwa macho mpaka zizini, akamwona akiketi chini, akiegemeza mgongo wake mahali pasipo na kitu.

"Huyu ndiye mtoto ambaye baba yako aliniambia habari zake?" aliuliza. "Anayelala kwenye ubavu wa ng'ombe?"

"Ndiye."

Alikwenda hadi kwenye mlango wa zizi. Hakuingia. "Mwanangu," alimwambia, na akangoja kidogo, kama unavyomngojea mtu mzima. "Ng'ombe yuko wapi?"

Mtoto hakumtazama. "Kunywa maji," alisema.

Mzee alirudi nilipokuwa nimesimama. Aliligusa lile tope lililobaki kwenye ngozi kwa ncha ya fimbo.

"Ng'ombe wangu hajafa," alisema. Hakupandisha sauti. "Angekuwa ndiye huyu, mtoto asingepita. Sasa nieleze, umemuuza?"

"Sijamuuza."

"Yuko wapi?"

Nilifikiri niseme Bukundi, niseme amepotea porini. Mdogo wangu mwenye ulimi alikuwa ananitazama, tope likikauka kwenye magoti yake. Nikasema, "Ipililo. Kwa mama mdogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja kumchukua."

"Nilikuwa nakuja kumchukua," alikubali. "Ni wangu."

Alikaa tena kwenye kigoda, akamaliza maji yake. Nilingoja aseme twende kwa mwenyekiti wa kitongoji, aseme polisi, aseme faini ya wazee, ambayo kwa kosa kama hilo siyo ndogo na huilipi peke yako. Jina la baba lingetajwa. Alisema, "Siku tano. Nikirudi nimkute hapa," akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, akaondoka.

Nilifika Ipililo kesho yake kwa gari la mizigo. Mama mdogo alinipokea kwa kusema, "Mchukue, mwanangu. Hajatoa hata kikombe. Anakaa mlangoni mwa zizi analia mpaka majirani wananiuliza kama namnyonga." Nilimswaga kurudi, siku mbili tena, na safari hii nilipita barabarani, na kila aliyeuliza nilimjibu ng'ombe ni wa nani.

Nilipokaribia kijiji sikwenda nyumbani. Nilikata kulia nikaenda lamboni. Ilikuwa adhuhuri na kulikuwa na kundi kubwa majini. Mdogo wetu alikuwa katikati yao, sikio kwenye ubavu wa ng'ombe wa mtu. Mdogo wangu mwenye ulimi aliniona, akaweka mkono mdomoni. Nilifungua kamba nikamwachia ng'ombe. Alishuka kwenye tope polepole, akaingiza midomo majini, akaanza kunywa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa mbio. Hakukuwa na kimojawapo. Mtoto alimaliza kumsikiliza yule aliyekuwa naye, kama asiyetaka kumdharau, kisha akaja kwa aliyefuata, ambaye ndiye. Aliweka sikio. Alikaa hivyo. Mabega yake yalishuka, na nikasikia, katikati ya kelele za wachungaji, ule mguno mwembamba ukianza tena. Ng'ombe hakuinua kichwa, aliendelea kunywa. Alipotosheka aligeuka, na mtoto akageuka naye. Alipopita mbele yangu alinitazama usoni, jambo ambalo alikuwa halifanyi kwa mtu.

"Kunywa maji," aliniambia, kama anayethibitisha habari.

Waliondoka mbele, nasi tukafuata.

Mzee alikuja siku aliyosema. Safari hii alikwenda zizini moja kwa moja, akaingia, akamkagua ng'ombe meno, miguu, kiwele, akapitisha kidole kwenye zile alama mbili za sikio. Ilikuwa jioni, na mtoto alikuwa mahali pake ubavuni. Mzee alimzunguka bila kumgusa. Nilikuwa nimeshika kamba, nimeshajiandaa kumkabidhi, na mdogo wangu mwenye ulimi alikuwa ameingia ndani asione.

"Huyu amezeeka," mzee alisema. "Nikimpeleka kwenye mahari, wakwe watanicheka. Nitachukua ndama wake wa mwaka jana, yule dume. Huyu abaki."

Nilianza kushukuru. Alinyoosha kiganja.

"Sijamwacha kwako. Wewe nilikukabidhi kwa sababu ya baba yako, na umeniwambia ngozi isiyo na masikio. Namkabidhi huyu hapa."

Alichukua kamba mkononi mwangu akainama, akamnyooshea mtoto, kama desturi ilivyo, mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Sijawahi kuona ng'ombe akikabidhiwa kwa msichana, wala kwa mtu asiyejibu salamu. Mtoto aliitazama kamba ya katani. Hakuishika. Alishika lile sikio lenye alama, akalishikilia. Mzee alingoja kidogo, akaikunja kamba akaiweka chini.

"Wabeja," alimwambia. Asante. Akatoka.

Miaka miwili imepita na bado silielewi jambo lile vizuri. Siku nyingine nadhani lilikuwa huruma. Siku nyingine nadhani ni hesabu ya mzee mwenye ng'ombe wengi: kwamba ng'ombe mzee asiyefaa kwa mahari, ukimweka kwa mtu ambaye mbele yako ameonyesha kwamba hawezi kuficha, umemweka mahali salama kuliko kwa kaka yake. Nimemwuliza mdogo wangu mwenye ulimi, akasema inawezekana ni vyote viwili, na kwamba si lazima mimi nijue kila mtu anafikiri nini. Yeye ameolewa sasa, na anaendelea kunisema kwa simu.

Mzee huja mara mbili au tatu kwa mwaka. Mwezi uliopita ng'ombe alizaa, jike, na habari zilimfikia sijui kwa nani. Hilo nalo linanisumbua. Alipoingia uani nilikwenda kumlaki, nikaanza kumweleza siku aliyozaa, rangi ya ndama, alivyonyonya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu.

"Sijakuuliza wewe, ngosha," alisema.

Alikwenda akasimama mbele ya mdogo wangu, ambaye alikuwa akichambua choroko kwenye ungo, akamsalimia, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuvumilia. Mdogo wangu aliweka ungo chini, akanyanyuka, akaelekea zizini bila kugeuka, na mzee akamfuata nyuma. Mimi sikuitwa. Nilibaki nje ya boma la miiba, nikijaribu kusikia wanachosema humo ndani, na sikusikia kitu isipokuwa ndama akinyonya.